Mama Mkwe Akija, Mawe Yashushwe

Jumapili, 26 Machi 1995

Kutoka Fort Ternan mpaka Ndanai hakuna mtu mwenye bahati kama mimi, Mageto. Naandika hiyo kwanza, mengine yafuate kwa adabu.

Angalia. Lori la majani chai limejaa pomoni. Mvua. Mteremko. Matope kama uji. Lori linateleza, linalala ubavu, mimi dereva narushwa nje – naangukia wapi? Juu ya chai! Chai iliyochumwa jana yake, imekaa sawa kama kitanda cha hoteli. Mtu mwingine angeangukia barabarani na saa hii watu wako kwa matanga yake wanauliza sukari iko wapi. Mimi nimevunjika paja tu. Tena moja. La kushoto, la mguu wa klachi. Mguu wa breki ni mzima, na breki ndiyo uhai wa dereva.

Bahati ya pili: nimepewa kitanda cha dirishani. Naona barabara yote, na kila lori la kiwanda likipita nalijua kwa mlio kabla sijaliona.

Bahati ya tatu: jirani yangu wodini ni Mwalimu Kipkosgei wa fizikia, aliyeanguka kutoka paa la shule akitengeneza antena ya televisheni. Plasta mpaka kiunoni. Ana redio. Ndiye amenipa daftari hili. Amesema, "Mageto, hadithi zako ziandike. Masikio yangu hayakuvunjika, lakini sasa yanauma." Mtu mcheshi, kwa mwalimu. Mimi niliacha shule darasa la sita kwa sababu nilikuwa nimeshaelewa. Nimefika Mombasa na Kampala kwa usukani. Yeye amefika kwa ramani.

Jumatatu, 27 Machi

Nieleze nilivyolala, maana nikipona sitaamini. Wamepitisha chuma kwenye mfupa chini ya goti. Kwenye chuma, kamba. Kamba inapita juu ya gurudumu dogo mwisho wa kitanda, na huko ng'ambo unaning'inia mfuko wa mawe. Mguu uko juu juu, paja wazi, shuka halikai. Halafu kitanda kimeinuliwa upande wa miguu kwa matofali. Kichwa chini, miguu juu. Kuku wa Krismasi ananionea huruma.

Sista Caren ndiye wa mazoezi. Msichana mdogo, Mkipsigis wa Kapkatet, sauti ya jemadari. Anasema nyama ya paja ina nguvu, inavuta mfupa uliovunjika upande upande. Mawe yanavuta kwenda chini ili vipande vikutane. "Mawe haya hayatoki, mzee. Ukila, yapo. Ukilala, yapo. Ukiota ndoto, yapo. Umesikia?"

Nimesikia. Nimemwambia nimewahi kuvuta trela iliyojaa saruji hadi Eldoret, mawe haya ni mapambo.

Jumatano, 29 Machi

Leo redio imeleta maneno! Mrusi mmoja, daktari, alikuwa juu angani mwaka mzima na zaidi, akielea ndani ya chombo. Wiki iliyopita wameshuka naye. Na alipofika chini hakungoja kubebwa – alisimama akatembea mwenyewe hadi kiti chake.

Nikasema, kuna ajabu gani? Mtu amepumzika mwaka mzima, asitembee kwa nini?

Mwalimu akacheka hadi plasta ikalia. Akanifundisha bure. Ati kule juu mtu hana uzito. Miguu haibebi kitu, kwa hivyo nyama inaisha, inabaki miguu ya korongo. Mifupa nayo ikiona haina kazi inajimwaga kidogo kidogo na kutoka kwa mkojo. Damu inapanda kichwani, uso unavimba. Na mtu anarefuka! Uti wa mgongo unaachana kama springi iliyotolewa mzigo. Wakirudi chini wengi wanabebwa kama watoto. Huyu Mrusi alitembea kwa sababu kila siku alikimbia mahali pamoja, amejifunga mipira ya kumvuta chini.

Nikauliza, kwani huko juu dunia haivuti? Akasema inavuta. Ila chombo kinaanguka, na mtu ndani anaanguka pamoja nacho, bila kufika chini, mwaka mzima.

Hapo ndipo mwanafunzi alimpita mwalimu. Nikamwambia hiyo naijua! Ukishuka mlima Kericho na lori umetia nyutro, bila gia yoyote, ukapita tuta bila kuliona, tumbo linabaki juu, matako yanaachana na kiti. Mwalimu alipunguza sauti ya redio. Akasema, "Mageto, hiyo ni sawa kabisa." Sawa kabisa! Wodi nzima ilisikia.

Halafu akaniambia jambo lingine ambalo nimelipenda zaidi. Wenye sayansi wakitaka kujua mwili unafanywaje na anga, wanachukua mtu mzima, wanamlaza kitandani wiki na wiki, kichwa chini miguu juu. Mtu huyo analipwa.

Nikatazama matofali ya kitanda changu. Bwana! Mimi ni wa angani na sijatoka hata hapa Bureti.

Jumapili, 2 Aprili

Saa ya kuona wagonjwa. Nyanchoka, mke wangu, aliingia mbio kama mtu aliyeacha sufuria motoni. "Baba Valary, mama yuko getini!"

Mama nani?

"Mama yangu!"

Moyo wangu ulitia breki. Mama mkwe! Ametoka ng'ambo ya Sotik, magari mawili, na kikapu. Kwetu Kisii mama mkwe haoni paja la mume wa bintiye. Haketi hata kwenye kiti ambacho nimekikalia. Miaka yote hii ya ndoa akinisalimia anaangalia migomba. Na mimi hapa, mguu juu kama bendera, shuka limekunjama kiunoni!

Nyanchoka ni mwanamke wa haraka. Aliangalia mlangoni – Sista Caren hayuko. Akauinua mfuko wa mawe, akaufungua kambani, akausukuma chini ya kitanda. Akaulaza mguu wangu polepole, blanketi mpaka kidevuni. Mkwe mwenye heshima!

Mama mkwe akaketi kwenye benchi la mlangoni, mgongo nusu kwetu. Anaongea na Nyanchoka, ujumbe unanifikia mimi. "Mwambie nimeleta ndizi." Mwambie nimesikia. "Mwambie nimeleta chinsaga, mboga ya kuongeza damu." Mwambie ashukuriwe. "Mwambie asiogope, nitakuja kila siku ya kuona wagonjwa mpaka atembee." Na hapo sauti yake ilikatika kidogo. Nilitazama dari.

Nani mwingine ana mama mkwe kama huyo? Mwalimu, wake alimtumia salamu tu.

Tena nitasema siri. Bila mawe nilisikia raha ambayo sijawahi kuisikia. Mguu hauna uzito. Nilielea! Mama mkwe alipoondoka Nyanchoka alirudisha mawe, na maumivu yakarudi na mabegi yao.

Jumatano, 5 Aprili

Amekuja. Mawe yameshushwa. Tumekuwa wajanja: Nyanchoka anatangulia, anakohoa mlangoni, anashusha, ndipo mama anaingia. Mwalimu alinitazama akasema kwa upole, "Mageto, unatoa mvuto. Mvuto si mchezo." Nikamjibu, Mwalimu, wewe ungeoa kwetu ungejua mvuto ni nini.

Ijumaa, 7 Aprili

Alexander amekuja, mkubwa wa magari pale kiwandani. Mnene, mpole, anatembea na peremende mfukoni. Ameleta habari: lori jipya! Linaingia Juni. Isuzu, nyeupe, kiti bado kiko kwenye nailoni. Madereva wanne wanalitaka na kila mmoja amemletea asali.

"Lakini wewe ndiye mkongwe," akaniambia. "Nitakungoja mpaka Juni iishe. Ukipanda mwenyewe, ukilitoa mwenyewe na gia ya kwanza, ni lako. Ukishindwa, Mageto, usinilaumu. Majani hayangoji."

Nikamwambia alitundikie jina langu kabisa. Alipotoka nilifunga macho nikalisikia – gia ya kwanza, klachi inaachiwa polepole kama unavyomwachia mtoto mkono barabarani. Mimi nimekuwa dereva tangu ndevu zangu zilipoota. Sijui kazi nyingine. Kuchuma siwezi, naongea sana, majani yananyauka.

Jumapili, 16 Aprili. Pasaka

Kristo amefufuka, na mimi bado nimelala. Mama mkwe amekuja na akina mama wa kanisa. Waliimba mlangoni wodi nzima ikaitikia. Waliomba! Mama mkwe aliombea mguu, akaombea lori jipya, akaombea hata Mwalimu na antena yake. Mchana kutwa mawe yamekaa chini ya kitanda pamoja na ndizi. Mama mmoja alitaka kuchukua ndizi akatoa jiwe. Nyanchoka akamwambia ni la kusugulia miguu.

Nimecheka mpaka machozi. Mguu umeruka kidogo ndani, kama kitu kimepanda juu ya kingine. Nikasema ni kicheko.

Jumanne, 2 Mei

Nimejitazama kwenye kioo cha Sista Caren. Uso umejaa kama wa meneja. Damu kichwani! Halafu nikafunua mguu ule mzima, na – eh. Ile misuli yangu ya mpira wa miguu iko wapi? Ngozi inaning'inia kama soksi ya mtu mwingine. Mwalimu anasema ndivyo ilivyo huko juu: mguu usiobeba unafukuzwa kazi.

Sista Caren ameleta mkanda wa tyubu ya tairi. Mguu mzima nasukuma nao. Mguu mgonjwa nakaza nyama ya paja na kuachia, wayo, kanyagio langu, nauchezesha. "Kila asubuhi na kila jioni, mzee. Wewe ulisema ni wa angani, basi fanya kama wa angani." Mimi na Mwalimu tumeshindana. Yeye mikono tu, mimi mguu. Nimemshinda. Tyubu naijua tangu zamani.

Nikamuuliza sista, mbona hatupigwi picha tuone mfupa? Ati mashine imeharibika, fundi anatoka Nairobi. Fundi wa Nairobi! Nipewe bisibisi tu.

Jumapili, 14 Mei

Mama. Ndizi. Mawe chini. Leo alimwambia Nyanchoka, "Mwambie niliota anapita na gari jipya, akapiga honi, nikajibu kwa vigelegele." Mwambie ndoto hiyo ataiona kwa macho.

Nyanchoka alipokuwa anarudisha mawe alisimama kidogo, ameyashika mikononi. Akanong'ona, "Baba Valary, hatuharibu?" Nikamwambia mama yake akiliona paja langu, hapo ndipo tutakuwa tumeharibu.

Alhamisi, 25 Mei

Mashine imetengenezwa. Nimepigwa picha.

Daktari aliinua ile picha dirishani kwangu, dirisha langu la bahati. Hata mimi wa darasa la sita niliona. Vipande viwili vya mfupa havikukutana uso kwa uso. Vimepandana ubavu kwa ubavu, kama malori mawili kwenye daraja jembamba. Na vimeshikana hivyo hivyo. Vimeota nyama ya mfupa, imara kabisa, mahali pasipo pake.

Mguu umekuwa mfupi.

Daktari hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Aliuliza wodi nzima, "Nani amekuwa akishusha mawe haya?"

Sista Caren alinitazama mimi, macho yamejaa maji ya hasira. Mwalimu alikohoa, akafungua mdomo. Na Nyanchoka alikuwa pale pale, amebeba chupa ya chai, siku hiyo alikuwa amekuja na nguo safi. Aliitua chupa chini, akapiga hatua moja mbele. Akikiri, Jumapili angemwambia mama yake kwamba mawe yalishushwa kwa ajili yake. Na mama yake hangeweka mguu tena nyumbani kwangu, wala hangelala usingizi, yule mama aliyepanda magari mawili kila mara.

Nikasema, "Ni mimi, daktari. Nilikuwa nachoka. Nilikuwa nayafungua mwenyewe."

"Wewe mwenyewe? Umefikaje huko mwisho wa kitanda?"

"Mimi nina mikono mirefu."

Akaniita mjinga. Mbele ya watu. Nikasema ndiyo daktari. Akasema kuuvunja upya na kuunyoosha ni kazi ya hospitali kubwa, tutaona baadaye. Kwa sasa nijifunze kusimama.

Jioni Mwalimu alisikiliza habari mpaka mwisho. Halafu akazima redio, na hiyo ni mara ya kwanza. "Mageto," akasema, "wewe ni mtu." Basi.

Nikamwambia, Mwalimu, kuna kitu sayansi yako imekosea. Wale wa angani wanarefuka. Mimi nimefupika! Tukacheka. Mimi nilicheka zaidi yake.

Jumanne, 13 Juni

Nimesimama! Sista Caren kwapa hili, magongo kwapa lile. Mwalimu alikuwa anahesabu kama wanavyohesabu roketi. Tatu, mbili, moja – Mageto duniani!

Wodi ikazunguka. Damu yote ilishuka miguuni kama maji kwenye mfereji, macho yakaingia giza, nikamkalia Sista Caren. Akasema ni kawaida, mwili umesahau kusukuma damu juu. Dunia ni nzito, jamani! Mnatembea tu humo nje na hamjui mnavyobeba. Kichwa peke yake ni debe la mahindi. Yule Mrusi, kama alitembea kweli, nampigia saluti kwa mikono miwili.

Mara ya pili nilisimama vizuri. Nikatazama chini. Mguu wa kulia sakafuni. Mguu wa kushoto ulikuwa unaning'inia. Unaitafuta sakafu kwa vidole, kama mtu anayepapasa swichi.

Ijumaa, 16 Juni

Phelix fundi viatu, wa hapa nje ya geti, amenipa dawa. Amechukua kiatu changu cha kushoto akapiga soli ya tairi, juu yake nyingine, juu yake nyingine. Nikivaa nasimama sawa kama mshumaa. Kiatu kina uzito wa mtoto. Nyanchoka alipokiona alitoka nje, akarudi macho mekundu, akasema ni moshi wa jikoni. Jikoni ya hospitali iko upande ule mwingine.

Sikumwuliza. Sitamwuliza. Nilimwambia tu kwamba kwa hiki kiatu hata matope ya masika yataniogopa. Alicheka kidogo. Kidogo kinatosha kuanzia.

Jumapili, 25 Juni

Natembea hadi jikoni na kurudi na gongo moja! Wapishi wamenipa uji. Mwalimu ametolewa plasta, miguu yake imekuwa kama vijiti vya kuchezea ngoma, nimemcheka vizuri. Ameruhusiwa leo aende nyumbani, akasema hapana, atangoja Ijumaa aone lori ambalo Alexander ameahidi kulileta getini.

Mama mkwe alikuja. Hakuna haja ya kushusha kitu tena. Nilimpokea nimevaa suruali, nimesimama! Alisahau kutazama ukuta. Alinitazama mimi, kuanzia kichwani, akafika kwenye kiatu. Macho yakakaa hapo. "Mwambie," akamwambia Nyanchoka, "mbona kiatu ni kirefu?"

Nyanchoka aliinama kwenye kikapu kama anayetafuta kitu. Nikamjibu mwenyewe, Mungu anisamehe adabu: mama, ni mtindo wa madereva wa Mombasa.

Akaitikia. Sijui kama aliamini.

Ijumaa, 30 Juni

Naandika juu ya usukani. Usukani! Unanuka upya. Nailoni bado iko kwenye kiti, nikisogea inaongea.

Alexander ameleta lori mpaka nje ya geti la hospitali, kama alivyoahidi. Nilipanda mwenyewe. Wameshuhudia wote. Mkono kwenye chuma, mguu wa kulia, hop, wa kushoto nikauvuta kama ndoo kisimani. Wakapiga makofi. Mwalimu yuko pale kwenye ua na fimbo yake, redio kwapani. Sista Caren ameacha wagonjwa wake. Nyanchoka amesimama karibu na gurudumu, amefumbata mikono. Na mama mkwe, kitambaa cheupe cha kanisa, ameleta maji kwenye kibuyu ayamwagie matairi.

Alexander kasema, "Gia ya kwanza, Mageto. Mpaka pale kwenye duka tu. Halafu funguo ni zako."

Nimewasha. Injini inaimba kama kwaya. Nimekanyaga.

Kiatu cha Phelix kinafika. Hapo sina neno na Phelix. Kinafika kwenye klachi kabisa. Lakini klachi haishuki, na bila klachi gia haiingii. Nimesukuma. Nimeshika kiti nikasukuma na mgongo. Imeshuka kidogo, paja likatetemeka kama la ndama, ikanirudisha. Nimejaribu tena. Tyubu ya Sista Caren na klachi ya Isuzu si ndugu.

Nikachukua daftari nikaanza kuandika. Wanafikiri najaza karatasi ya safari. Alexander anatazama saa, ana heshima, anameza peremende. Mama mkwe amemaliza matairi. Sasa amefanya kitu ambacho hajawahi: amekuja mpaka mlangoni kwangu, ananitazama usoni, ananiita kwa jina. "Mageto, mwanangu, piga honi basi!"

Nimepiga. Hiyo ni ya mkono.

Anajibu kwa vigelegele. Ile ndoto yake. Barabara yote imegeuka. Nyanchoka peke yake hatazami juu. Anatazama mguu wangu kupitia mlango, na anaona.

Wananingoja. Injini inawaka. Gia bado iko nyutro.

Nirudi ukurasa wa kwanza. Kutoka Fort Ternan mpaka Ndanai, nilisema. Nilidanganya. Sina bahati yoyote. Nina mguu mfupi na klachi haishuki.